Mgodi Ukifungwa, Nani Ana Deni?

Dhahabu haichipui tena kama mtama. Ikiisha kuchimbwa, imekwisha. Kwa hiyo kila mgodi, tangu siku ya kufunguliwa kwake, una mwisho wake. Mgodi wa kale wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Ule wa Buzwagi, karibu na Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, ukakoma mwaka 2021. Basi twauliza: mali ikiisha ardhini, je, deni la mwenye mgodi kwa watenda kazi wake nalo limekwisha?

Wako wasemao, "Mshahara ulilipwa kila mwezi, hakuna kudaiana." Neno hili lina haki ndani yake, maana mapatano ni mapatano. Walakini halitoshi. Mshahara hulipa jasho la mwezi uliopita. Haurudishi miaka ya ujana ambayo mtu hakujifunza kazi nyingine.

Tena tutazame mwaka 2017. Serikali ilikataza mchanga wa dhahabu kupelekwa ng'ambo, likazuka shauri kubwa la kodi baina yake na kampuni ya Acacia. Na mwezi wa Septemba kampuni ikatangaza kupunguza kazi ya Bulyanhulu, watu wapatao 2,000 wakiwa hatarini kukosa kazi. Hatuamui hapa nani alikuwa na haki. Twasema hili tu: mchimbaji hakuwamo katika shauri lile, lakini hasara ilimfikia nyumbani kwake.

Torati ya Musa iliamuru kwamba mtumwa aachwapo huru mwaka wa saba asiondoke mikono mitupu, bali apewe fungu katika kundi na nafaka ya bwana wake. Ikiwa mtumwa alistahili hivyo, je, si zaidi mtu huru? Tena mwenye mgodi huijua hesabu ya dhahabu iliyobaki, na kibarua haijui. Kwa hiyo ni juu yake ajuaye kuonya mapema, kutoa kiinua mgongo, na kufundisha kazi itakayomfaa mtu baada ya shimo kufungwa.

Nasi pia tuna wajibu. Yusufu aliweka akiba katika miaka ya shibe. Apataye mshahara leo na anunue ng'ombe, asomeshe watoto, wala asiliache shamba la baba yake liwe pori. Lakini tusimhukumu upesi aliyerudi kijijini bila kitu. Kwanza tuulize kama alilipwa cha kutosha kuweka akiba, na kama aliambiwa kwa wakati. Kisha tumpe jembe na mbegu.