Si Kosa la Mama



Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, tunasoma habari za mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Bwana Yesu aliyakataa yote mawili. Swali hilo bado tunalisikia matangani, hasa mtoto anapokufa kwa ugonjwa wa selimundu.

Sisi tulifundisha biolojia miaka mingi katika chuo cha ualimu. Siku hizo mama mmoja jirani yetu alizika watoto wawili. Wakwe wakasema damu yake ni mbaya; wengine wakanong'ona habari za uchawi. Mwisho alirudishwa kwao. Tuliyoyaandika ubaoni kila mwaka yangaliweza kumtetea, lakini tulinyamaza, tukiogopa kuingilia nyumba ya watu. Kimya hicho tumekitubu mbele za Mungu. Leo na tuseme.

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, ndogo mno hata hazionekani kwa macho. Ndani ya kiini cha seli mna nyuzi ziitwazo kromosomu, jumla 46, yaani jozi 23. Nyuzi hizo hubeba jeni, ambazo ni maagizo ya urithi. Seli ya ngozi ikigawanyika, kwanza hunakili nyuzi zote, kisha huwa seli mbili, kila moja ina 46. Ndivyo mtoto akuavyo na kidonda kiponavyo. Lakini mbegu ya baba na yai la mama hutokana na mgawanyiko wa namna nyingine, upunguzao nusu: kila moja hupata 23 tu. Zikiungana, hurudi kuwa 46. Basi hakuna mtoto wa damu ya upande mmoja.

Mtoto huugua selimundu, kwa aina iliyo ya kawaida kwetu, akipokea jeni yake kwa baba na kwa mama pia. Mwenye jeni moja tu kwa kawaida ni mzima. Hulima, huzaa, huzeeka, wala hajui kwamba anayo. Tena jeni hiyo moja humkinga kwa kiasi na malaria kali. Daktari A. C. Allison alilionyesha jambo hilo mwaka 1954, baada ya uchunguzi wake Afrika Mashariki. Ndiyo sababu imeenea katika nchi zetu zenye mbu. Hakuna mchawi aliyeituma.

Chuoni tulitumia maharage. Kopo la baba lina punje moja nyekundu na moja nyeupe. La mama vivyo hivyo. Nyekundu ni jeni ya selimundu. Fumba macho, chota punje moja katika kila kopo. Kwa wastani, katika mara 4, mara 1 utapata nyekundu mbili, mara 2 mchanganyiko, mara 1 nyeupe mbili. Kisha punje hurudishwa, maana kila mimba ni kuchota upya. Aliyezaa mtoto mgonjwa asidhani kwamba watatu wafuatao wamekwisha kusalimika. Na angalieni kopo la baba: bila punje yake nyekundu, mtoto yule hangeugua.

Basi tufanyeje? Vijana wanaochumbiana, nendeni mkapime damu mapema, kabla majina yenu hayajatangazwa kanisani, mpate kushauriana mkiwa na ujuzi. Mliokwisha kufunga ndoa, msiachane. Kiapo chenu hakikuwa na sharti la damu. Mwenye mtoto mgonjwa, mpeleke hospitali mapema, hasa akipata homa, maana siku hizi ziko dawa za kuzuia maambukizo na kupunguza maumivu, na wengi hukua wakawa watu wazima. Wazee wa ukoo na akina mama wa Umoja, mkisikia mama analaumiwa, semeni palepale. Msingoje kustaafu, kama sisi.

Bwana alipomwona yule kipofu hakutafuta wa kumlaumu, bali alimhudumia. Atupe neema ya kutenda vivyo hivyo katika nyumba zetu. Amina.