Posho ya Siku Tano

Bahasha ilikuwa na yuro 200. Nilizihesabu mara mbili chooni, mlango nikiwa nimeufunga, kisha nikaandika kwenye daftari: siku tano, chakula, yuro 40 kwa siku. Chini yake nikaandika hesabu ya pili, ile niliyotoka nayo Dar es Salaam: yuro 8 kwa siku, zinabaki 160.

Ilikuwa Berlin, kwenye mkutano wa wanafunzi wa uzamili. Waandaaji walilipia ndege na hosteli. Chakula kila mtu ajinunulie kwa posho yake. Hakuna aliyetaka risiti. Nyumbani, mdogo wangu alikuwa amebakiza muhula mmoja kwenye chuo cha ualimu, na asingeruhusiwa kufanya mtihani kabla ya kumaliza deni la ada. Yuro 160 ni zaidi ya shilingi laki nne. Sikuona swali lolote la maadili hapo. Niliona tumbo langu upande mmoja, mtihani wa mdogo wangu upande wa pili, na tumbo ni langu mwenyewe.

Ni jambo la kawaida kwetu, na anayesoma hapa huenda amewahi kulifanya. Mtu anapelekwa semina ya siku tatu Morogoro, analala kwa shangazi, anakula kwa shangazi, anarudi na bati za kumalizia nyumba. Neno lenyewe linaturuhusu. Posho ni fedha ya safari, lakini kabla ya hapo ni chakula cha mgawo. Ukiagiza posho Uganda unaletewa ugali. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, waliobeba mizigo kati ya pwani na maziwa makuu, walipewa posho pia: mara nyingine nafaka, mara nyingine vitambaa au shanga za kubadilishana na chakula njiani. Naamini wapo waliofunga mkanda ili kitambaa kifike kwa mama.

Kuishi Berlin kwa yuro 8 kunawezekana. Maji ya bomba ni salama, kwa hiyo chupa moja inatosha wiki nzima. Supamaketi wanauza mkate kwa chini ya yuro 2, ndizi, jibini, na mayai yaliyokwisha kuchemshwa na kupakwa rangi kama ya watoto wa sikukuu. Nilikuwa na nusu kilo ya unga wa lishe kutoka nyumbani, na hosteli ilikuwa na jiko la pamoja, kwa hiyo asubuhi nilikoroga uji. Kwenye mkutano kulikuwa na kahawa na biskuti za bure saa nne na saa kumi. Biskuti nilizifunga kwenye leso ya karatasi nikaziweka mkobani.

Tatizo lilikuwa mchana, watu wanapoinuka pamoja kwenda kula.

Siku ya kwanza nilisema nimeshiba. Wengi waliniacha. Dada mmoja kutoka Buyenzi, Bujumbura, hakuniacha. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi, ana watoto wawili, na tangu aliposikia Kiswahili changu kwenye mapokezi alikuwa akiniita mdogo wangu. Alijua kwamba washiriki watatu hawakuwa wamepata bahasha zao kwa sababu karatasi zao hazikukamilika.

"Mdogo wangu, posho wewe umepata?"

"Mambo bado, dada."

Maneno hayo, ukiyachukua peke yake, si uongo. Mambo yangu mengi bado. Lakini nilijua atasikia nini, na nilitaka asikie hivyo, ili aniache nikale mkate wangu bila maelezo. Hakuniacha. Alinishika mkono, akanipeleka kwa Waturuki karibu na hosteli, akalipa döner mbili, yuro 14. Nilikula yote. Ijumaa akanipeleka kwenye soko la Maybachufer, kando ya mfereji, ambako wanauza chapati nyembamba zilizojazwa mchicha na jibini. Akalipa tena. Usiku huo daftari langu lilionyesha nimetumia yuro 3 na senti 60, na nilifurahi.

Jumamosi jioni nilikuwa kituo cha Hermannplatz nikaona chupa tatu za plastiki zimepangwa chini ya pipa la taka. Ujerumani ukinunua kinywaji unalipa senti 25 za ziada kwa chupa ya namna hiyo, na ukiirudisha dukani unarudishiwa, kama soda za chupa kwenye duka la mtaani kwetu. Nikaziweka mkobani. Senti 75. Sikuwa nimefika ngazini alipokuja mzee mwenye mfuko mkubwa, akainama kuangalia chini ya lile pipa, kisha akaenda kwenye pipa linalofuata. Ndipo nikaelewa kwa nini watu wa pale huziweka kando badala ya kuzitupa ndani. Wanamwekea yeye. Ningeweza kumkimbilia. Nilisimama tu mpaka akapotea, na chupa nikazirudisha dukani mwenyewe.

Jumapili maduka ya Berlin hufungwa, na mimi sikuwa nimelijua hilo. Nilikuwa na yai moja. Jioni dada akagonga mlango na wali na kuku aliowanunua kwa kufungiwa, tukala kitandani kwake huku akipanga begi. Alitoa pochi, akahesabu, akacheka kidogo.

"Nilitaka kumbakizia mtoto za viatu vya shule. Haidhuru, atavaa vya kaka yake mwaka huu. Wewe ungelala njaa."

Bahasha yangu ilikuwa chumba cha pili, chini ya godoro, na zaidi ya yuro 170 ndani.

Nimelifikiria jambo hili kwa miezi kadhaa, na nimejitetea kwa kila njia ninayoijua. Fedha ilikuwa yangu: kweli, kwa maana hakuna aliyetaka ihesabiwe. Nilijinyima kwa ajili ya ndugu: kweli pia. Yeye alitoa kwa hiari: hapa ndipo utetezi unapovunjika. Alitoa kwa hiari kwa mtu asiye na kitu. Mtu huyo hakuwepo. Labda angenipa hata kama angejua. Watu wa namna yake wapo. Lakini kuchagua kati ya viatu vya mwanawe na mtihani wa mdogo wangu kulikuwa haki yake, na mimi nilimchagulia bila kumwonyesha mizani.

Katika kitabu cha nne cha *Maadili ya Nikomako*, Aristotle anauweka ukarimu kati ya ufujaji na ubahili, halafu anasema ubahili una pande mbili: kuna anayepungukiwa katika kutoa, na kuna anayezidi katika kuchukua. Nilipousoma ukurasa huo mwaka wa kwanza wa uzamili niliona ni mgawanyo wa kitaaluma tu. Nilikwenda Berlin nikidhani kosa pekee ninaloweza kulifanya ni lile la kwanza, na kwamba hata hilo limesamehewa kwa sababu ninayemnyima ni mimi. Sikuona nilipovuka. Hakuna saa niliyoamua kumnyang'anya dada. Niliamua tu kubana, na kila nilipobana, pengo lilizibwa na mtu mwingine, kwa sababu mbele ya watu wenye huruma njaa ya mtu haibaki yake peke yake.

Lipo na jambo la Ijumaa asubuhi. Wahenga walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Niliwasilisha utafiti wangu nikiwa na uji wa saa kumi na mbili tumboni, na swali la kwanza lilipokuja sikulifuata hata kidogo. Mwenzangu wa meza moja akanijibia. Posho ilitolewa ili nifike pale nikiwa na nguvu. Mpagazi akiuza posho yake yote, mzigo haupotei. Unahamia kwenye kichwa cha wa nyuma yake.

Sisemi kwamba anayebakiza posho ni mwizi. Ningeambiwa nirudi Berlin kesho na deni lile lile la ada, ningebakiza tena. Ila ningeweka kiwango kinachoniwezesha kula mchana na wenzangu hata mara moja, na ningesema ukweli mbele ya wanaoniita mezani: dada, ninayo, ila ninaipeleka nyumbani. Ni sentensi fupi. Niliiogopa kwa sababu ingemruhusu kusema, "Hata mimi."

Ada ililipwa. Mdogo wangu alifanya mtihani, akafaulu, na sasa anasubiri ajira. Mama aliponiuliza nilikuwa nakula nini huko, nilimwambia kuku na wali, akamshukuru Mungu.

Dada hajui. Jumatatu ile asubuhi nilijaribu kumpa yuro 30 nikisema posho imetoka. Akazikunja, akazirudisha mkononi mwangu. "Chakula hakilipwi, mdogo wangu." Huo ulikuwa uongo wangu wa pili, na huo haukuwa na maana mbili.

Mwezi wa nane atapita Dar es Salaam kwa siku mbili, na atafikia kwangu. Nimeshaanza kuweka fedha ya chakula na, pembeni, ya jozi moja ya viatu, ingawa miguu ya mtoto itakuwa imekua na sijui namba. Nitamwambia siku ya kwanza, kabla sijaandaa meza, ili kama akitaka kwenda kula kwingine awe na nafasi.