Ulinzi na Moto

Watu wengi hudhani kwamba kukilinda kitu ni kukiepusha na kila adha. Dhana hiyo ni njema kwa nia, lakini si kweli kila mahali. Mahali pamoja inapokanushwa waziwazi ni Rasi ya Tumaini Jema, katika Afrika Kusini.

Huko huota vichaka vifupi viitwavyo fainbosi. Nchi hiyo ya Rasi ina aina za mimea zipatazo 9,000, na zaidi ya theluthi mbili hazioti penginepo duniani. Nyingi kati yake uhai wao umefungamana na moto. Yungiyungi la moto hulala ardhini miaka mingi bila ua. Moshi ukilifikia, halikawii kuchomoza ua jekundu juu ya majivu. Protea nyingi hufumbata mbegu katika makasha magumu mpaka mti mama uungue. Mwaka 1990 wataalamu walidhihirisha kwamba hata moshi peke yake, bila joto, waweza kuamsha mbegu.

Walakini, kwa miaka mingi ya karne ya 20 moto ulikatazwa na kuzimwa, kwa jina la ulinzi. Waridi la bwawa, Orothamnus zeyheri, likakaribia kutoweka katika miaka ya 1960. Wachumaji walikuwa na hatia yao. Lakini pia miche ilizeeka, na mbegu zilizozikwa na chungu hazikupata moto wa kuziamsha. Ndipo uchomaji wa makusudi, kwa kipimo, ulipoanza kukubaliwa.

Isidhaniwe, basi, kwamba moto ni mwema daima. Ukirudi kabla protea haijazaa mbegu, ukoo wake hukatika. Misonobari na mihakea iliyoletwa kutoka ng'ambo huongeza kuni, moto ukawa mkali hata mbegu za wenyeji zikaangamia. Na binadamu naye ana haki yake. Mwezi wa Aprili 2021 moto uliwaka katika miteremko ya Mlima wa Meza, ukateketeza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na hazina kubwa ya vitabu vya taaluma ya Afrika. Kitabu hakina mbegu, kikiungua hakichipui.

Haki ya ua na haki ya kitabu zikikutana, yafaa kuuliza ni nani awezaye kusogea. Ua haliwezi. Mtu aweza kuchagua pa kujenga, kung'oa miti ya kigeni, na kuacha nafasi tupu baina ya ukuta na kichaka. Tena, mashamba na miji yake imekwisha kuikata njia ambayo moto ulipita zamani. Aliyeikata njia hiyo hawezi kunawa mikono: hapana budi auwashe moto mwenyewe, kwa wakati wake na kwa kiasi chake. Mapenzi yasiyoijua tabia ya kipendwa hukiua taratibu, na mwuaji huyo hulala usingizi mzuri akijiita mlinzi.