Farasi Hana Kosa, Kosa Ni Dau

 

Ndugu zetu Waislamu, baada ya darasa alisimama kijana akauliza suali ambalo yafaa jawabu lake lisomwe na wote. Alisema: "Shekhe, mimi si mcheza kamari. Mcheza kamari hubahatisha. Mimi hukesha na karatasi ya mashindano ya farasi ya uwanja wa Ngong, Nairobi. Natazama farasi alishika nafasi gani katika mbio zilizopita, nani atampanda, nani amemfunza, na amebebeshwa uzito gani. Ndipo natia dau. Je, hii si elimu?"

Kwanza, tusiwadhulumu farasi. Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi huko Madina: waliotayarishwa walikimbia kutoka Hafyaa mpaka Thaniyatul-Wadaa, na wasiotayarishwa kutoka hapo mpaka msikiti wa Banu Zuraiq, na Abdullah bin Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana. Na wanavyuoni wamejuzisha mshindi kupewa zawadi itokayo kwa kiongozi au kwa mtu asiyeshindana. Basi mbio si haramu. Haramu ni watazamaji kutoa kila mmoja mali yake, ili mmoja aondoke na ya wenziwe.

Ama hiyo elimu, hebu tuipime. Katika mbio nyingi farasi hodari huongezewa uzito, hata vipande vya risasi hutiwa chini ya tandiko lake, na aliye dhaifu hupunguziwa, ili wote wakaribiane. Yaani amewekwa mtu ambaye kazi yake ni kuibatilisha elimu yako! Tena unayoyasoma wewe yasomwa na kila mwenye karatasi. Na yule farasi anayependelewa kuliko wote hushinda takriban mara moja katika mbio tatu. Basi umati mzima, pamoja na kukesha kwao, hukosa mara mbili katika tatu.

Kisha tazama hesabu. Madau hukusanywa pamoja, mwenye mchezo hutoa fungu lake kwanza, na yanayobaki ndiyo wanayogawiwa walioshinda. Tuchukue mfano: watu wametia shilingi 100,000, na fungu lake ni moja katika tano. Zimebaki 80,000. Wakizirudisha zote, zitabaki 64,000. Na mara ya tatu 51,200. Farasi yeyote akishinda, karibu nusu ya mali yao imekwenda.

Wako wasemao kuwa fedha hizi huleta kazi, kodi na sadaka. Hoja hii ni kongwe. Waarabu wa Jahiliya walikuwa wakichinja ngamia na kupiga kura kwa mishale kumi: saba yenye mafungu na mitatu mitupu. Aliyetokewa na mtupu alilipa bei ya ngamia, na washindi waliwapa masikini nyama. Ni kamari gani yenye ukarimu kuliko hiyo? Hata hivyo Mwenyezi Mungu, katika Suratul Baqara aya ya 219, ameyataja manufaa yake na akabainisha kuwa dhambi yake ni kubwa zaidi. Na katika Suratul Maida aya ya 90 na 91 ameamrisha iepukwe, akataja uadui, chuki, na kuzuiliwa watu na Sala.

Basi nakuuliza, ewe kijana: usiku uliokesha na karatasi, Alfajiri ilikukuta wapi? Na dau lile lilikuwa kodi ya nyumba, au karo ya mwanao? Leo huna haja hata ya kwenda uwanjani. Simu iliyo mfukoni mwako yatosha kukufilisi nawe umelala kitandani.

Mtume (S.A.W.) amemfundisha amwambiaye mwenziwe, njoo tucheze kamari, kwamba atoe sadaka. Ikiwa neno tu lina kafara, itakuwaje kwa aliyekwisha kutia dau? Tubu. Shilingi uliyoiwekea farasi mpe mwenye njaa. Na akili yako ya kukesha na tarakimu hatuidharau, kwani ni neema. Ipeleke katika biashara ya halali, ambamo faida yako haingoji hasara ya nduguyo.

Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake, atuepushe na haramu yake. Amin.