Kulipa Pasipo Kukiri



Mutusamehe kwanza, maana tunaandika habari ya nguo za ndani za wamama, na shemasi hazoei kuzitaja mbele ya watu. Lakini swali lililo ndani yake ni letu sisi wote.

Katika Marekani kuna kompani inayoitwa Thinx. Inauza chupi za siku za mwezi, zinazofuliwa na kuvaliwa tena. Nyingi ziliuzwa zaidi ya dola 30. Mwaka 2020 mwalimu mumoja wa chuo kikuu cha Notre Dame alipima chupi hizo, akakuta florini, alama ya madawa ya kiwanda yanayoitwa PFAS. Madawa hayo hufukuza maji na mafuta. Hukaa miaka mingi udongoni, majini na mwilini bila kuoza. Wanunuzi wakashitaki: mbona hatukuambiwa?

Mwaka 2023 shauri likaisha kwa mapatano. Kompani ilikubali kutoa mpaka dola milioni 5. Mununuzi aliweza kupata dola 7 kwa kila chupi, lakini kwa chupi tatu tu. Tena iliahidi kuangalia ili PFAS zisitiwe kwa kusudi. Lakini kosa haikukiri. Ilisema madawa hayo hayakuwa kamwe katika mupango wa bidhaa zake.

Basi tunauliza: mutu akilipa pasipo kukiri, amelipa nini?

Hatutaki kuhukumu haraka. Hata vijijini kwetu mutu asiye na kosa hutoa mbuzi ili ugomvi uishe, maana siku ya baraza ni siku isiyolimwa. (Na avoka wa Marekani anakula zaidi ya mbuzi.) Pengine kompani ilifanya vile. Lakini tazameni: kama haina kosa, mbuzi huyo hakuisafisha, watu wanabaki na mashaka. Kama inalo, feza zimefunika chungu na hakuna aliyetazama ndani.

Katika Hesabu 5 mukosaji anaagizwa kuungama kwanza, ndipo arudishe mali na kuongeza sehemu ya tano. Zamani tulifikiri kuungama ni kwa faida ya mukosaji, roho yake ipumzike. Sasa tunaona aliyekosewa anakuhitaji zaidi. Yule mama amepokea dola zake 7. Chupi ingali ndani ya kikapu cha nguo. Aifue na kuivaa tena, ao aichome moto? Dola haziwezi kumujibu.