Pole, Nisamehe, na "Sori"

Siku hizi neno "sori" limeenea vinywani mwa watu wetu, wakubwa kwa wadogo. Dereva akimrushia matope mwenda kwa miguu, husema "sori". Mwenye deni akishindwa kulipa siku aliyoahidi, husema "sori". Hata mume aliyemtukana mkewe mbele ya watoto husema "sori", kisha huagiza chakula chake. Yafaa tujiulize: Je, neno hilo lamaanisha nini?

Waingereza wenyewe huandika "sorry". Asili yake katika Kiingereza cha kale ni maumivu: aliyelitamka alikiri kwamba moyo wake wauma. Nalo huambiwa aliyefiwa, na vilevile aliyekosewa. Mwaka 2006 jimbo la British Columbia, nchini Kanada, lilitunga sheria isemayo kwamba kutamka "sorry" si kukiri kosa mbele ya mahakama katika kesi ya madai. Watu wasiogope kufarijiana ni jambo jema. Lakini tazameni jinsi neno moja liwezavyo kusemwa, isijulikane kama msemaji anatubu au anasikitika tu.

Kiswahili kimetupa maneno mawili. "Pole" ni haki ya mwenye maumivu, na kila mtu aweza kuitoa, hata asiye na hatia: mtu akijikwaa twampa pole, ingawa si sisi tulioliweka jiwe njiani. "Nisamehe" ni neno la mwenye kosa. Asemaye pole husimama kando ya aliyeumia. Asemaye nisamehe hujiweka mikononi mwake, naye aweza kukataliwa. Ndiyo sababu neno hili la pili ni zito ulimini.

Basi, ubaya wa "sori" si ugeni wake, maana hata "samehe" tulilipokea kutoka Kiarabu. Ubaya ni kwamba lamruhusu mkosaji kujificha katika kundi la wafariji. Aliyevunja mtungi wa jirani akasema "sori" na kwenda zake, kana kwamba mtungi ulijivunja wenyewe, hajalipa kitu.

Enyi wazazi, mtoto akimwumiza mwenzake, msimwache akimbie na "sori" yake. Aseme wazi: "Nimekupiga, nisamehe." Ni maneno mawili tu, lakini la kwanza hutaja kosa, na la pili humrudishia aliyekosewa heshima yake.