Mizani Iliyo Mkononi

SOMO LA 8

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwa. 23:16, Law. 6:1–5, Kum. 22:1–3, Kum. 25:13–16, Neh. 13:15–22, Mit. 20:14, Amo. 8:4–6, Lk. 19:1–10.

Fungu la kukariri: Mithali 11:1. Kila mshiriki alikariri, kisha aeleze kwa maneno yake kwa nini kitu kidogo kama mizani kinamhusu Bwana.

SABATO MCHANA

Mwezi Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya. Mwaka 2008 huduma hiyo ikaanza Tanzania kupitia Vodacom. Kabla ya hapo, aliyetaka kumpelekea mama yake fedha kijijini alimpa kondakta wa basi bahasha, au alisubiri ndugu anayesafiri. Siku hizi fedha inafika kabla mtumaji hajairudisha simu mfukoni.

Kisha ikaja mitandao ya kijamii, na biashara ikahamia huko. Mama anayeuza vitenge anaweza asiwe na duka wala meza. Ana simu. Anapiga picha, anaiweka WhatsApp, mteja aliyeko Mwanza analipa, na mzigo unapakiwa kwenye basi la usiku kutoka Dar es Salaam.

Katika biashara ya namna hii mnunuzi hagusi kitambaa, na muuzaji haoni uso wa mnunuzi. Kinachobaki kati yao ni picha, neno na ujumbe wa malipo. Kwa hiyo simu imechukua nafasi ya mizani ya sokoni. Juma hili somo linauliza swali moja: je, mizani iliyo mkononi mwa Mkristo ni ya haki?

JUMAPILI: Mawe Mawili Katika Mfuko

Soma Mwanzo 23:16 na Kumbukumbu la Torati 25:13–16. Siku za Ibrahimu hapakuwa na sarafu. Shekeli ilikuwa kipimo cha uzito, karibu gramu 11, na Ibrahimu alimpimia Efroni fedha shekeli 400 kwa ajili ya shamba la kumzikia Sara. Mfanyabiashara alitembea na mawe yake ya kupimia mfukoni. Mdanganyifu alikuwa na mawe ya namna mbili: zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Kwa macho yalifanana.

Muuzaji wa mtandaoni naye ana mfuko. Anaweza kuweka picha ya pochi mpya aliyoichukua kwenye ukurasa wa mtu mwingine, kisha akatuma pochi ya mtumba. Anaweza kuficha bei, akamjibu kila mteja faraghani, na anayeonekana kuwa na uwezo akatajiwa bei kubwa zaidi. Kupatana bei si dhambi. Lakini Musa alikataza hata kuwa na jiwe la pili mfukoni, kabla halijatumika. Bwana anaangalia mfuko kabla mteja hajafika.

Je, bidhaa unazouza zinafanana na picha zake?

JUMATATU: Ng'ombe Aliyepotea

Soma Kumbukumbu la Torati 22:1–3 na Walawi 6:1–5. Mwisraeli aliyemwona ng'ombe wa ndugu yake amepotea hakuruhusiwa kujifanya hakumwona. Alipaswa kumrudisha, na kama mwenyewe hajulikani, amtunze mpaka atafutwe.

Leo kinachopotea ni fedha. Mtu akikosea tarakimu moja ya namba ya simu, karo ya mtoto wake inaingia kwa mtu asiyemjua. Mara nyingi simu iliyopokea inazimwa, na fedha inatolewa kwa wakala wa karibu. Wapo wanaoshukuru kwamba Mungu amewafungulia mlango! Kitabu cha Walawi kinasema kwamba anayekana kitu kilichopotea amemkosa Bwana mwenyewe, na anapaswa kukirudisha kizima na kuongeza sehemu ya tano.

Hata hivyo, uaminifu si ujinga. Matapeli hutuma ujumbe wa uongo wakidai wamekosea, kisha wanaomba warudishiwe. Mkristo aangalie kwanza salio lake, asiutegemee ujumbe. Akikuta fedha imeingia kweli, asiiguse, na muamala urudishwe kupitia kampuni ya simu. Yesu aliwataka wanafunzi wake wawe na busara kama nyoka na wapole kama hua (Mt. 10:16), yote mawili kwa pamoja.

JUMANNE: Mnunuzi Naye Hupimwa

Soma Mithali 20:14. Sulemani anamchora mnunuzi anayeiponda bidhaa mbele ya muuzaji, kisha akienda zake anajisifu. Mara nyingi mahubiri juu ya mizani humlenga muuzaji peke yake, lakini hapa Biblia inamgeukia mteja.

Mteja anaagiza chakula, mpishi ananunua vitu, bodaboda anafika mlangoni, na simu ya mteja haipokelewi. Hasara ni ya mpishi. Mwingine analipa dukani jioni kwa kuonyesha ujumbe wa malipo wa juzi, akijua muuzaji amechoka na hatausoma vizuri. Mwingine amecheleweshewa mzigo siku mbili, naye bila kuuliza anaweka jina na picha ya muuzaji kwenye vikundi vitano akimwita mwizi. Kesho yake mzigo unafika. Je, atavirudia vikundi vyote vitano kusema alikosea? Katika Mathayo 18:15 Yesu anaagiza kwamba aliyekosewa aanze kwa kuzungumza na ndugu yake wakiwa wawili tu. Agizo hilo halikufutwa na kitufe cha kusambaza.

JUMATANO: Milango ya Yerusalemu

Soma Nehemia 13:15–22. Watu wa Tiro walileta samaki na bidhaa za kila namna wakaziuza siku ya Sabato. Giza lilipoanza kuingia malangoni kabla ya Sabato, Nehemia aliamuru milango ifungwe. Wachuuzi wakalala nje ya ukuta mara moja au mbili. Alipowaonya, hawakuja tena siku ya Sabato.

Ukuta ule ulijengwa kwa siku 52 (Neh. 6:15). Lakini ukuta wa nyumba ya leo haumzuii mchuuzi, kwa sababu anaingia kupitia simu mpaka kitandani. Ibada inaendelea, na mfukoni oda inatikisika. Simu yenyewe si adui: ina Biblia, ina nyimbo, na kwa hiyo mgonjwa hupigiwa na kufarijiwa. Kinachopaswa kubaki nje ni soko.

Mlango huu hufungwa na mwenye simu. Ijumaa kabla ya jua kuzama anaweza kuwatangazia wateja kwamba oda zitajibiwa Sabato jua likishazama, kisha akanyamazisha vikundi vya biashara. Wateja wengine wataondoka. Gharama hiyo ni ya kweli, na darasa lisiifiche.

ALHAMISI: "Sabato Itapita Lini?"

Soma Amosi 8:4–6. Amosi alihubiri wakati wa Yeroboamu wa pili, Israeli ikiwa na mali nyingi. Jambo la kushangaza ni kwamba wafanyabiashara aliowakemea walikuwa wamefunga maduka. Kwa nje waliitunza Sabato. Lakini moyoni waliuliza itapita lini, ili waipunguze efa, waiongeze shekeli, na wauze hata makapi ya ngano.

Nabii anayataja makosa mawili kwa pumzi moja, na kuna sababu. Asiyeweza kuacha kuuza kwa siku moja anaamini kwamba riziki yake inatoka mikononi mwake tu. Na anayeamini hivyo, biashara ikiyumba, atapunguza kipimo, maana hana mwingine wa kumtegemea. Lakini anayeamini kwamba Mungu atamlisha siku ya saba hana sababu ya kumpunja mteja siku ya pili. Uaminifu wa Jumatatu huzaliwa katika pumziko la Sabato.

Kwa hiyo kuzima simu Sabato na kudanganya kwa picha Jumapili si kutunza Sabato. Ni kufanya kama watu wa Amosi: duka limefungwa, moyo uko wazi sokoni.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Luka 19:1–10. Yesu alipoingia nyumbani kwa Zakayo, mtoza ushuru huyo hakuishia kumkaribisha kwa furaha. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Wokovu ulifika mpaka kwenye vitabu vyake vya mapato. Leo Yesu akiingia nyumbani, atafika pia kwenye orodha ya miamala. Huenda iko namba inayosubiri kupigiwa, fedha inayosubiri kurudishwa, au mteja anayesubiri kuombwa radhi. Neema iliyomfikia Zakayo juu ya mkuyu inatosha hata kwa hilo.

Maswali ya Kujadili:

1. Mjane anadaiwa karo. Asubuhi anakuta Sh. 180,000 zimeingia kwenye simu yake kwa makosa, na mwenye fedha bado hajapiga. Afanye nini? Na kanisa linadaiwa nini kwake siku hiyohiyo?

2. Kijana wa kanisani anasema wateja wake wengi huagiza siku ya Sabato, na akifunga atafilisika. Darasa limsaidieje bila kumhukumu na bila kumdanganya?

3. Zungumzeni tofauti kati ya kusifia bidhaa na kudanganya. Mpaka uko wapi?

4. Kabla jua halijazama leo, pitia miamala na jumbe za juma hili. Ni ipi usingependa Bwana aisome? Utairekebishaje, na kwa nani?